Wanazuoni Wawili Waliosugua Masufuria ya Majini

Katika mji wa Rasi Yakuti alitawala Sultani Ghalibu bin Shamsi, mfalme aliyependa haki na kuchelewa kuitoa, na siku moja akasimama barazani pake binti mdarizi aitwaye Salhina, na miguu yake mitupu, na unga kwenye nyusi.

"Maulana," akasema, "tajiri Dahmani alinitoa kwetu milimani kwa ahadi ya kudarizi majoho ya kasri yako. Nilipofika akaninyang'anya viatu na barua ya safari, akanifungia kinuni na wenzangu kumi na mmoja, tunasaga bila ujira; leo nimetoroka. Ametufanya bidhaa."

Sultani akawageukia wanazuoni wake.

"Hana pingu," akasema Sheikh Baramka, "basi hakufanywa bidhaa."

"Na alikuja kwa miguu yake," akasema Sheikh Dhulkifli, "tena hakuvuka bahari. Neno hili lataka utafiti."

Wakabishana siku saba, na Sultani akaamuru Salhina arudi kinuni mpaka maana ipatikane.

Akarudi akilia kwa hasira, na ndani ya mtama akaokota pete ya shaba, na alipoifuta vumbi akatokea jini mrefu, akainama. "Labeka, bibi. Nikutoe humu?"

"Ukinitoa mimi, kesho ataletwa mwingine. Wanazuoni wale ndio wa kusaidiwa."

Jini akavaa kilemba cha kibalozi, akawaendea masheikh na kuwaahidi ukadhi katika Mlima Kafu, na majoho ya hariri, na nyumbu wa kupanda, nao wakamfuata wakicheka. Walipofika, kumbe ni makao ya majini, wakavuliwa vilemba na kupewa masufuria ya kusugua, kila moja pana kama ua wa msikiti.

"Tumetekwa," akasema Baramka siku ya tatu, mikono imemchubuka.

"Mna pingu?" jini akauliza kwa adabu. "Hamkuja kwa hiari yenu? Na bahari hamkuvuka."

"Tulidanganywa, ewe jini, na njia ya kurudi hatuijui."

"Ngojeni nilete karatasi, muyaandike hayo."

Alasiri ile ile wakarudi barazani na maana imeandikwa: amchukuaye mtu kwa hila au kwa nguvu ili amtumikishe, amemfanya bidhaa, pingu ziwepo zisiwepo. Sultani akatia muhuri kabla hawajaketi. Dahmani akatiwa gerezani, mali yake ikawa ujira wa wanawake wote wa kinuni, na Salhina akampa jini pete yake aende atakako.

Mwana wa Sultani, Amiri Sinani, akamposa. Salhina akamtaka aeleze, mbele ya mashahidi, yote yatakayomkuta kasrini. Amiri akaeleza siku nne, na hata hasira za mama yake hakuzificha. Salhina akacheka, akakubali, na wakaishi kwa neema na wasaa.

Basi msikilizaji azingatie: asiyeionja dhuluma hubishania jina lake, na aliyeionja hulitamka mara moja.