Njugu Nyekundu ya Bi Mize

Kabla hujasoma, apa kwamba hutamwambia mtu. Aliyenisimulia naye aliniapisha, ndiyo maana nakuambia wewe tu, na wale wa kundi la harusi. Ukimaliza wapelekee na wengine, ila waape kwanza.

Katika kijiji kimoja cha wachuma karafuu palikuwa na sakafu moja tu ya kuanikia. Kila siku baada ya magharibi watu hukusanyika hapo kuuliza: kesho jua au mvua? Maana karafuu ikinyeshewa, imeharibika.

Mtabiri wao alikuwa Mzee Shaame, msoma nyota. Kisha akazuka Bi Mize, mjane, na vyungu vyake viwili.

"Hiki cha siku za mvua, hiki cha siku za jua," alieleza. "Leo ikinyesha, nangoja kesho yake. Ikinyesha tena, natia njugu nyeusi kwenye chungu cha mvua. Likiwaka jua, natia nyeupe. Siku za jua nazo hivyohivyo, kwenye chungu chao. Miaka yote hii natia tu. Sasa nikitaka kujua ya kesho, natazama leo ilikuwaje, nachota njugu moja kwenye chungu chake, nimefumba macho. Rangi yake ndiyo jibu."

"Bibi wewe, mbingu haienei chunguni," Shaame akamcheka.

Sheha, mkuu wa kijiji, akaamua wasikilizwe wote wawili msimu huo. Atakayeshindwa ataanika wa mwisho. Karafuu zote za Bi Mize zilikuwa mbichi ndani ya magunia. Kungoja ni kuvunda.

Mzee Shaame, kwa ukubwa wake, ndiye aliyetangulia kusema. Ajabu, kila alilosema ndilo Bi Mize alilokuja nalo. Watu wakaanza kunong'ona: "Mize anamfuatisha mzee."

Jambo moja tu lilimwasha Bi Mize: njugu zake zilipokosea, nyota nazo zilikosea siku hiyohiyo. Nyota na njugu zilipatana lini?

Kawaida yake, njugu aliyochota huiacha kwenye kisahani jikoni, akienda kuswali alasiri. Siku ile akaweka nyekundu, rangi ambayo hajawahi kuitumia, akaenda zake.

Jioni sheha akauliza, "Mzee, kesho?"

Shaame akakohoa. "Kesho... si jua, si mvua."

"Basi ni nini, harusi?" mwanamke mmoja akadakia.

"Nyota zimekaa vibaya leo."

"Zipi hizo? Tuoneshe," Bi Mize akasema kwa upole.

Mzee akainua mkono, akanyoosha kidole juu, akasahau alichokifumbata tangu alasiri akijiuliza maana yake. Njugu nyekundu ikadondoka, ikabiringika sakafuni hadi kwenye kiatu cha sheha.

"Hiyo yangu," akasema Bi Mize. "Niliiacha jikoni kwangu."

Watu wote wakamgeukia Mzee Shaame, na mkono wake bado uko juu.

Funzo: Anayeiba majibu ya mwenzake huiba na makosa yake, na makosa hayo ndiyo yanayomtaja.