Digidigi na Kanga Msoma Vibao

Hamjambo wanangu? Hamjambo wakubwa? Sogeeni. Wewe unayetafuna muwa, meza kwanza. Nyamazeni, ngano haitaki kupigiwa kelele.

Paukwa!

Pakawa!

Paukwa tena, na walio nyuma wasikie!

Pakawa!

Hapo kale, vibao vilipoanza kuota njiani kama uyoga, Mama Digidigi alizaa binti. Mnamjua digidigi? Swala mdogo, miguu kama vijiti, macho makubwa kama ya mtu aliyetoka kulia. Desturi ya digidigi ni hii: mama humlaza mtoto nyasini, humficha, ndipo aende kula. Mtoto hainuki, hata mvua inyeshe.

Basi akapita mtu mwema. Akaona mtoto kalala peke yake. "Maskini, katupwa!" Akambeba. Si ubaya, wanangu. Hakujua desturi.

Akampeleka kwenye boma la wanyama yatima. Maziwa yapo. Majani yapo. Uzio upo. Digidigi akanywa, akakua. Lakini kila jua likielekea kuzama anasimama uzioni, anapiga mluzi: zik! zik! Anasikiliza. Kimya.

Siku moja akaja Kanga. Kanga huyu alikuwa bibi mtu mzima, na kusoma alijifunza ukubwani. Alikuwa akidonoa mtama nje ya darasa la watu wazima, herufi zikamwingia moja moja, a, e, i, mpaka akaweza. Tangu hapo hapiti kibao bila kukisoma.

"Mjukuu wangu, unalilia nini?"

"Nataka kwetu, bibi."

"Kwenu si hapa? Nimesoma pale getini kwa macho yangu. Ho-mu. Homu ni Kizungu. Usichanganye na haus. Haus ni kuta na paa. Homu ni kwenu hasa. Ndivyo mwalimu alivyosema."

"Bibi, kama hapa ni kwetu, mbona nina hamu ya kwenda kwetu?"

Kanga akadonoa chini, pasipo na mbegu. Kek! Hilo hawakufundishwa.

"Basi twende," akasema. "Nitakusomea vibao vyote. Mahali penyewe patakuwa mbele."

Digidigi akapenya chini ya uzio. Angeweza kupenya siku zote, ila hakujua aelekee wapi.

Tiki tiki, tiki tiki. Wakafika kwenye kibao.

"Ra-nchi," Kanga akasoma.

Ng'ombe akainua kichwa. "We kadudu, alama yako iko wapi?"

"Sina alama."

"Hee! Huna alama, huna mwenyewe! Hapa ni ranchi. Kila aliye hapa ana mwenyewe. Ondoka, usije ukakanyagwa."

Tiki tiki, tiki tiki. Kibao tena, kikubwa, kimepakwa rangi.

"Pa-ki."

Ngiri akawapokea mbio, mkia juu. "Karibuni, karibuni! Gari likija, simama pale penye jua, geuza shingo hivi. Paki ni mbuga, ni pa kutazamwa, dada. Mimi na sura hii natazamwa, sembuse wewe!"

Digidigi akacheka. Hakuwa amecheka tangu alipobebwa. Gari likaja, vuuu! Watu wakatoa vichwa: "Tazama! Tazama kale kadogo!" Wote wakamtazama. Hakuna aliyemjua.

"Hapa siyo, bibi," akasema taratibu.

Tiki tiki, tiki tiki. Jua kali. Wakafika mahali ambapo miti imelala chini, mizizi juu. Katapila limesimama, meno yake yana udongo.

"Sa-i-ti," Kanga akasoma. "Saiti ni mahali panapojengwa. Hapa pana vumbi tu, mjukuu wangu. Tupite."

Digidigi hakupita. Pua yake ikacheza. Kilikuwa kimebaki kichaka kimoja tu. Akakiendea, akakinusa kijiti kimoja, akakinusa tena.

"Unanusa nini? Hapo hapajaandikwa kitu."

"Pameandikwa, bibi."

Maana digidigi, wanangu, chozi lake ni jeusi, zito kama lami. Asubuhi hulipaka kijitini, kusema: mimi nipo. Na kijiti kile kilikuwa na chozi bichi, juu ya chozi la jana, juu ya chozi la juzi, na mengine yamekauka, yamepandana.

Digidigi akaita: zik! zik!

Kichaka kikajibu: zik! zik!

Mama akatoka. Mbavu zinahesabika, masikio yamejaa vumbi. Akamnusa mtoto uso, akamnusa shingo, akarudi usoni.

"Nilikuambia usiinuke."

"Sikuinuka, mama. Niliinuliwa."

Kanga akageuka upande, akajifanya anatafuta mbegu. Kisha akamuuliza mama, "Na wenzako wako wapi, mwanangu?"

"Walihama miti ilipokatwa. Wakanicheka: 'Haya, baki uolewe na katapila!' Nikawaambia, nikihama, mwanangu atarudi kwa nani?"

Ngrrrr! Katapila likaamka. Ardhi ikatikisika.

"Bibi," Digidigi akasema, "mahali hapa, Kizungu chake nini?"

Kanga akatazama kibao. Akatazama kijiti. "Wameandika saiti. Lakini neno lake hasa silijui, mjukuu wangu. Huenda liko darasa la juu."

Mama Digidigi hakungoja neno. Akakipa kichaka mgongo.

"Twendeni," akasema. "Sasa naweza kuhama."

Wakaenda, mama mbele, mtoto ubavuni, Kanga nyuma. Kabla jua halijazama kichaka kilikuwa kimeng'olewa. Hakikuwa na mtu.

Wanangu, someni vibao. Na wakubwa msione haya, herufi hazina umri. Lakini kibao kitakuambia tu mahali panaitwaje. Kwenu ni pale alipo anayekungoja, na akiondoka nawe, kwenu kumeondoka nanyi.

Hadithi yangu imeishia hapo, imekaa kitako. Mimi naondoka, kwetu hawapakui mpaka nifike. Nitarudi. Mkeka wangu msiukunje.