Kwa Nini Forosadi Hutia Doa Mikononi

Onyesheni mikono. Mmeshanichumia forosadi bila ruhusa, na kubisha hakutawasaidia, maana tunda hili halijui kutunza siri.

Zamani halikuwa hivyo. Katika milima hii ya Upare forosadi zilikuwa nyeupe, na aliyezichuma alirudi na mikono safi. Wakati huo aliishi Nakijwa, binti ambaye hakuna aliyempita kwa kupika rojo la forosadi. Alizichemsha na ndimu, akazifunga kwenye kitambaa, akakining'iniza na kuacha maji yadondoke yenyewe, kwa kuwa kitambaa kikikamuliwa rojo halitakati. Kisha aliyachemsha maji hayo na asali hadi tone lake lisimame juu ya jiwe baridi, lisitiririke. Rojo lake likiwa bakulini uliona hadi chini. Watu walimsifu, na sifa zikamlevya kidogo.

Mwaka mmoja mama yake, Namkunda, aliugua. Siku tatu chakula hakikupita kooni. Siku ya nne alisema anatamani rojo la mwanawe. Nakijwa alifurahi, akachuma, akapika. Harufu ilipoingia chumbani, mama akaomba aonjeshwe kidogo. Nakijwa alidondosha tone jiweni, likatiririka.

"Vumilia, mama. Halijaganda. Siwezi kukupa maji."

Baada ya muda mama aliomba tena. Tone la pili nalo likatiririka, na jibu likawa lile lile.

"Mwanangu," mama alisema, "ligande lisigande, mimi nataka kuonja tu."

Nakijwa alimpenda mama yake, msije mkamdhania vingine. Alitaka kumpa kilicho bora, na hilo ndilo linaloniuma kila nikisimulia.

Tone la tatu lilisimama. Alilimimina rojo bakulini, akangoja lipoe, akaingia nalo. Mama alikuwa amekwisha kukata roho, uso ameuelekeza mlangoni.

Majuto ni mjukuu. Baada ya mazishi Nakijwa alilimwaga rojo lote shinani mwa mforosadi, akalia hapo hapo. Msimu uliofuata forosadi ziliiva nyeusi. Alipozichuma mikono yake ilishika rangi. Akaisugua kwa majivu, akaisugua kwa mchanga, wapi.

Na tangu siku hiyo forosadi humtia doa kila anayezichuma. Na huku kwetu upawa wa kwanza hauendi jiweni. Hupelekewa mkubwa wa nyumba, ungali majimaji.

Haya Naetwe, shika kikombe hiki cha rojo, umpelekee mama yangu ndani. Najua halijaganda. Mpelekee.