Lami Yenye Matundu ya Kona ya Isumba

"Usizibe kila tundu, mvua nayo ina njia."

Bibi Atuganile aliwaambia hivyo wajukuu zake waliokuwa wakipanga harusi ya dada yao, mwenyewe akiwapo. Walikuwa wameijaza siku nzima shughuli, bila kubakiza nafasi ya mgeni atakayechelewa wala ya mzee atakayetaka kusema neno. Wakamwuliza usemi huo umetoka wapi. Bibi akajiweka sawa kitini, akaanza.

Methali hii ilianza hivi. Alikuwapo hapa Itebe dereva wa gari la wagonjwa, jina lake Ambakisye. Ili kufika hospitali ilimpasa apite kona ya Isumba, nanyi mnajua mvua za huku. Maji yalikuwa yakituama pale juu ya lami. Siku moja gari lake likaelea juu ya maji hayo, usukani ukawa mwepesi mikononi mwake, wakaishia migombani. Mgonjwa alinusurika, lakini nesi Tumwitike alivunjika mguu. Tangu hapo Ambakisye akifika Isumba alitambaa kama kinyonga, hata jua likiwaka, na nyuma yake wagonjwa wakigumia kwa maumivu.

Ndipo akaja injinia mmoja, Subilaga, binti wa watu, mpole lakini hayumbi. Alikuja kuweka lami ya kunywa maji, yaani lami yenye nafasi katikati ya kokoto, mvua izame humo na kutokea pembeni mtaroni. Kwanza alijaribu kipande kifupi kwa mawe mepesi ya mlimani hapa, kwa kuwa yalikuwa karibu. Malori yakayasaga. Unga wake ukajaa kwenye matundu, maji yakasimama juu kama zamani. Watu wakacheka. Subilaga hakubishana nao. Akakifumua kipande chote, akaagiza mawe meusi magumu kutoka ng'ambo ya mto. Lami nayo akaichanganya na mpira wa matairi makuukuu uliosagwa, maana lami tupu ikipata moto huteleza chini na kuyaacha mawe ya juu bila cha kuyashika.

Kazi ilipokwisha, barabara, kwa matundu yake, ilionekana chakavu kabla ya kutumika. Wazee wa mtaa wakanung'unika kwamba wamepunjwa. Mwenyekiti, Mzee Lutengano, akaleta lori la mchanga ili matundu yazibwe. Ambakisye alikuwa pamoja nao, na moyoni aliwaunga mkono. Alichotaka yeye ni barabara iliyoshiba, isiyo na tundu.

Akachuchumaa, akapitisha kiganja juu ya lami. "Injinia, mbona umetubania mchanga?"

"Nimeupunguza kwa makusudi, baba," Subilaga akajibu. "Mchanga ukiingia humu, maji yatakosa pa kwenda. Yatabaki juu."

Ambakisye akakumbuka usukani ulivyokuwa mwepesi siku ile.

"Na mawe haya hayatasagika kama yale?"

"Yale nilikosea kuyachagua. Haya nimeyapima. Lakini siwezi kuyalinda peke yangu. Nikiondoka, mtu akimwaga mchanga hapa, kazi yote imekufa."

Mzee Lutengano akampungia mkono dereva wa lori asogee. Ambakisye akainuka, akasimama mbele ya lori.

"Mwenyekiti," akasema, "mimi ndiye ninayepita hapa na watu wenu. Niacheni nipite na mvua moja. Ikinishinda, mchanga nitaumwaga mwenyewe."

Mzee akamwambia dereva wa lori arudi nyuma.

Mvua haikukawia. Ilinyesha kwa kishindo siku Ambakisye alipokuwa amembeba mama mwenye uchungu, mtoto amekaa vibaya tumboni. Nesi Tumwitike, ambaye mguu wake ulikuwa umepona, alikuwa nyuma akimshika mkono mama yule. Walipokaribia Isumba, Ambakisye alikaza vidole, akangoja gari lielee. Halikuelea. Matairi yalishika, na kioo hakikurushiwa maji. Pembeni mtaro ulikuwa ukikimbiza maji tele, na lami mbele yake ilikuwa nyeusi, haina dimbwi. Kwa mara ya kwanza tangu ajali ile, hakutambaa. Daktari alisema wangechelewa kidogo tu wangewazika mama na mtoto.

Mvua ilipokatika, Ambakisye alipeleka mkungu wa ndizi kambini kwa Subilaga. Alikuwa ameandaa maneno mengi, yakamtoka kichwani. Akamshika mikono yote miwili tu, akasema, "Ahsante, mwanangu," machozi yakimlengalenga. Mzee Lutengano naye alikuja, akashukuru. Akauliza wamfanyie nini.

"Ifagieni barabara, vumbi lisizibe matundu," Subilaga akasema. "Basi."

Wakaifagia, na mpaka leo zamu haijakatika. Watu walipomwuliza Ambakisye kwa nini alilizuia lile lori, aliwajibu kwa maneno yale niliyowaambia mwanzoni, hadi yakawa ya mji mzima.

Bibi akaishia hapo. Wajukuu wakatazamana, kisha bibi harusi mwenyewe akaanza kupunguza shughuli za siku yake, moja baada ya nyingine, huku akisema polepole:

"Usizibe kila tundu, mvua nayo ina njia."