Kindi, Faru na Wimbo wa Kinuni

Jamani, mpo?
— Tupo!
Masikio mnayo?
— Mawili mawili!
Niseme kavu kavu?
— Chumvi weka!
Haya, naiweka, na ikizidi mtameza hivyo hivyo.

Hapo kale ukame ulikaa nyikani mpaka mito ikasahau njia. Ikabaki chemchemi moja tu. Na chemchemi hiyo, nani alikuwa ameikalia? Faru! Bwana Faru, pembe mbele, ubishi nyuma. Aliizungushia boma la miiba, akasimama mlangoni, akasema, "Anayetaka maji anitwangie mtama. Hatwangi, hanywi."

Wanyama wangefanyaje? Wakatwanga. Walimtwangia asubuhi, wakamtwangia mchana, na jioni kila mmoja alipewa kibuyu cha maji akawapelekee watoto. Faru akala ugali, akalala, akaamka, akala na kiporo.

Sasa, mnajua kutwanga kulivyo. Watatu kwenye kinu kimoja, michi inapishana, twa! twa! twa! na wimbo juu yake. Anatajwa mmoja kwa jina, anasifiwa, anatwanga kwa raha zake. Na mila ya pale ilikuwa hivi: aliyetajwa kwenye wimbo hatui mchi mpaka mwenzake aje ampokee. Akiutua kabla, atazomewa mpaka wakwe zake wasikie.

Faru aliusikia wimbo, akakasirika. "Mnaimba? Kumbe mnakuja hapa kustarehe!" Akawatenganisha. Kila mmoja na kinu chake, kila mmoja na kona yake. Kuimba marufuku. Kusalimiana marufuku. Nyinyi mliowahi kuajiriwa mnamjua huyu, msijifanye.

Basi ikawa Ngiri peke yake, twa... twa... Digidigi peke yake, twa... Kanga peke yake, tw... akasinzia juu ya mchi.

Unga ukapungua. Faru akafoka, unga ukapungua. Faru akatisha kwa pembe, unga ukapungua. Asubuhi moja akatangaza, "Leo ghala lisipojaa, maji hakuna! Mtakunywa machozi yenu."

Digidigi akalia. Alikuwa na kitoto kichanga, na maziwa yalishaanza kumkauka. Hapo mzaha uliisha, wenzangu.

Kindi akamwambia, "Nyamaza, dada. Niachie mimi."

Kindi mnamjua? Mkia mkubwa kuliko mwili, na maneno makubwa kuliko mkia. Akajipangusa vumbi, akaenda mpaka mlangoni kwa Faru.

"Shikamoo, Bwana Mkubwa."

Faru kimya. Hakuwa na desturi ya kuitikia.

"Shikamoo, Bwana Mkubwa!"

"Puuu! Unataka nini?"

"Nimekuletea elimu."

"Inaliwa?"

"Inajaza ghala, Bwana. Ni elimu ya mahusiano kazini."

Elimu hiyo hata leo ipo. Watu huitwa semina, wakapewa soda na kalamu, wakaambiwa kwamba mfanyakazi naye ana moyo. Kindi aliijua bila soda.

"Mfanyakazi si mchi, Bwana," akasema. "Akiwa na wenzake, hutwanga. Akisalimiwa, hutwanga zaidi. Akiona bosi anamjua kwa jina, huyo utamzuia kwa kamba!"

"Uongo!"

"Jaribu mpaka mchana tu. Unga usipoongezeka, nikanyage."

Tamaa ikamwingia Faru. Akawarudisha watatu watatu. Akaruhusu wimbo. Kisha akapita vinuni, shingo imemkakamaa, salamu zinamtoka kama mtu aliyekwamwa na mfupa.

"Ha... habari yako, Ngiri."

Ngiri nusura aangushe mchi. "Nzuri, Bwana!"

Twa-twa-twa! Twa-twa-twa! Mchana haujafika, ghala nusu.

Faru macho yakamtoka. "Kindi! Nikiwasalimia mara mbili, nitapata mara mbili?"

"Salamu imefika mwisho wake, Bwana. Imebaki dawa kubwa. Ingia kinuni mwenyewe. Bosi akitwanga na watu wake, hao watu... hata sijui nisemeje!"

"Mimi? Nitwange?"

"Kidogo tu. Wakuone."

Msiniulize faru alishikaje mchi. Alishika. Na Kanga, ambaye ndiye mwenye sauti, akaanza:

"Nani huyu, nani huyu?"
— Ni Faru mwenzetu!
"Mchi wake wasemaje?"
— Ndi! Ndi! Ndi!

Tangu azaliwe, Faru hajawahi kuitwa mwenzetu na mtu. Aliitwa Bwana, akakimbiwa, basi. Masikio yakamsimama. Kitu cha moto kikampanda kifuani. Hata mimi hapo humwonea huruma kidogo. Kidogo tu.

Akatwanga. Ndi! Ndi! Ndi!

"Nitajeni tena!" akasema.

Wakamtaja tena. Ngiri akatua mchi wake polepole, akaondoka huku akiimba. Digidigi akatua wake, akaondoka huku akiimba. Vumbi la unga lilikuwa limemjaa Faru machoni, na macho yenyewe tangu zamani hayakuwa ya kuringia.

Ni Faru mwenzetu! Ndi! Nyuma yake miiba inaburutwa, kwaruu, kwaruu.
Ni Faru mwenzetu! Ndi! Mtu kajitosa majini, chubwi!
Ni Faru mwenzetu! Ndi! Makoo yanafanya kazi, gudu-gudu-gudu.

Digidigi alikunywa mpaka tumbo likamlia, kisha akakiita kitoto chake kinyonye. Kikanyonya! Nyika nzima ikashuka kunywa. Wimbo sasa ulikuwa unatokea ndani ya maji.

"Mbona mnaimbia mbali?" Faru akauliza, jasho linamchuruzika.

"Tunakupa nafasi, mwenzetu!" Kindi akajibu.

"Basi nipokeeni, nimechoka!"

"Tunakuja! Umetajwa, mwenzetu, usijiaibishe!"

Akaja nani? Hakuja mtu. Na Faru angeutuaje mchi? Azomewe siku ile ile aliyopata wenzake? Akatwanga. Akatwanga mpaka ghala likajaa na jua likaelekea kuzama.

Ndipo Kindi akaja kumpokea, ndevu zinadondosha maji. Faru akageuka. Boma hakuna! Miiba imelazwa kando, na chemchemi imejaa watu wanaoga.

"Nani kabomoa boma langu?"

Pembe ikashuka. Ngiri akarudi nyuma. Kanga akaruka juu ya kichuguu. Kindi hakusogea.

"Ni sisi, mwenzetu," akasema. "Boma ni la kuzuia wageni. Hapa mgeni nani? Au wewe si mwenzetu? Sema tu. Kanga aufute wimbo sasa hivi, na kesho urudi kuwa Bwana Mkubwa, peke yako pale mlangoni."

Faru akaitazama miiba. Akamtazama Kanga. Puuu! Pembe ikainuka taratibu.

"Usiufute," akasema. "Lakini mniongezee ubeti wa pembe yangu."

Vigelegele! Waliimba ubeti wa pembe, wakaongeza wa miguu, na jioni ile wakala wote ugali wa unga uliotwangwa na Faru. Toka hapo maji hayakuwekewa mlango tena, na kila asubuhi Faru ndiye aliyetangulia kinuni, akiuliza, "Leo hamnitaji?"

Ngano yangu imeishia hapo. Aliyecheka kacheka, aliyenuna anune.

Na funzo lake, lishikeni vizuri: wafanyakazi wasiimbe, wasikae pamoja, wasijuliwe hali, kwa sababu hayo mahusiano hayaongezi kitu kazini. Bosi wangu ndiye aliyeniagiza niseme hivyo. Na alipokuwa akiniagiza, kwa mara ya kwanza tangu aniajiri, akaniuliza wanangu hawajambo. Jamani! Nilifurahi mpaka nikasahau kwenda nyumbani.