Swali Lililozunguka Kisimani

Hapo zamani za kale, wanangu, mwaka ule mawingu yalipokuwa yakipita juu bila hata kusalimia, palikuwa na pimbi mmoja, mama wa watoto wanane. Jina lake Kidawa. Nyumba yake ilikuwa pango kilimani, na chini ya kilima palikuwa na kisima kimoja tu kilichobaki na maji.

Asubuhi moja kitinda mimba wake aliamka hata kulia hawezi, kwa kiu. Kidawa akanyakua mtungi. Akatafuta kata ya kuchotea maji. Haipo!

"Nani kachezea kata yangu?"

Watoto wakatazamana, kila mmoja malaika.

Sasa lile pango, wanangu, lilikuwa na vijia vinavyogawanyika, na kila kijia kikigawanyika tena. Kidawa akamwita binti yake mkubwa, Salha.

"Ingia ndani. Ukifika njia panda, tuma wadogo zako wawili, mmoja huku, mmoja kule, uwape maneno haya haya ninayokupa wewe. Nao wakifika njia panda, watume wenzao vivyo hivyo. Kisha usiondoke, wangoje hapo hapo."

"Na atakayefika ukutani, mama? Hapo atamtuma nani?"

"Ehee! Hapo ndipo penye kazi. Ukutani hatumwi mtu. Aliyefika atazame mwenyewe, arudi aseme: ipo, au haipo."

Chakacha, chakacha, wakaingia. Haukupita muda, aliyefika ukutani akamjibu aliyemtuma, naye akamjibu Salha, na Salha akatoka mbio.

"Ipo, mama! Ilikuwa chini ya jiwe!"

Mama na binti wakateremka kisimani na mtungi wao. Wakafika, wakajibanza nyuma ya kichaka, maana wakubwa walikwisha kujipanga.

Pale kisimani kulikuwa na desturi. Hakuna anayekunywa bila ruhusa ya mkubwa wake, na mkubwa hatoi ruhusa kabla hajaomba ya kwake. Aliyeuliza hasogei wala hageuzi shingo mpaka ajibiwe. Basi wote hukipa kisima mgongo, Punda Milia humwuliza Nyati, Nyati humwuliza Kifaru, Kifaru humwuliza Tembo. Tembo hana wa kumwuliza. Hupiga masikio yake, pa! pa! akasema, "Kunyweni!" Jibu likarudi nyuma, mmoja mmoja, hadi kwa Punda Milia. Wakisha kunywa wao, wadogo huachiwa tope.

Kidawa akatazama, akakuna shavu.

"Salha, hawa wanafanya kama nyinyi pangoni."

"Kweli, mama. Na ukuta wao ni Mzee Tembo."

"Na ukuta ukiondoka?"

Salha akafikiri. "Watatumana mpaka kesho."

Kidawa akatoka kichakani, mbiombio, mpaka miguuni pa Tembo.

"Shikamoo, Mzee Tembo."

"Marahaba. Maji bado. Kangojeni tope lenu."

"Sikuja kwa maji, mzee. Nimekuja kwa aibu unayotiwa. Wenzako wote wanauliza kwa adabu. Wewe, eti, unajijibia tu."

"Nimwulize nani? Mkubwa wangu yuko wapi?"

"Ndiyo hayo, mzee. Wakubwa wa kweli, huko mbali, humwuliza mdogo wao. Huo ndio ukubwa! Lakini wewe... basi, niyaache."

"Usiyaache! Mdogo ni nani? Wewe?"

"Mimi? Mimi hata katika foleni hamjaniweka. Mdogo wa foleni ni Punda Milia."

Tembo akavimba kichwa, naye Kidawa akarudi kichakani. Zamu ya Kifaru ilipofika, akauliza, "Mzee, tunywe?" Tembo akakohoa, khoo! akasema kwa sauti ya watu wa heshima, "Ngoja nimwulize mdogo wangu. Punda Milia, tunywe?"

Punda Milia akashtuka. Lakini desturi ni desturi. "Ngoja nimwulize mkubwa wangu. Nyati, tunywe?"

"Ngoja nimwulize Kifaru."

"Ngoja nimwulize Tembo."

"Ngoja nimwulize Punda Milia!"

Likazunguka, likazunguka. Wote wamesimama, shingo mbele, kila mmoja anangoja jibu la mwenzake, na maji yako nyuma yao.

"Mama," akanong'ona Salha, "niwaite wadogo zangu, tutumane kama pangoni?"

"Ya nini? Kisima kina njia panda? Chota kata moja, mimina, tazama mtungi. Haujajaa? Chota tena. Ukijaa, acha. Basi."

Chubwi! Akamimina. Akatazama. Chubwi! Akamimina. Akatazama. Kazi ya kuchosha mkono tu, haichoshi kichwa. Mtungi ukajaa pomoni, Salha akaacha, wakapanda kilimani.

Kitinda mimba akanywa, akalala akicheka. Kidawa akafurahi mno. Lakini alasiri alipochungulia chini, aliwaona wale wanne wako pale pale juani. Magoti ya Punda Milia yalikuwa yakitetemeka, na sauti ya Nyati imekauka: "Ngoja... nimwulize..." Moyo wa Kidawa ukamwuma. Alitaka maji, hakutaka mtu afe. Tena ukuta ule aliuondoa yeye kwa mikono yake.

Akateremka peke yake.

"Mzee Tembo, nilikudanganya. Hakuna mkubwa anayemwuliza mdogo wake huko mbali. Swali lenu halina mwisho. Lijibu wewe."

"Umefanya nini?" Tembo akanguruma. Akainua mguu juu ya kichwa cha Kidawa. "Nakukanyaga sasa hivi!"

Kidawa akafumba macho. "Nikanyage, mzee. Watoto wangu wamekunywa. Ila hili nalo, umemwuliza mdogo wako?"

Mguu ukabaki hewani. Tembo akafungua mdomo. "Punda Milia, ni..."

Akamtazama Punda Milia, magoti yale. Akamtazama pimbi chini ya unyayo wake.

"Hapana," akasema taratibu. "Hili nalijibu mwenyewe."

Akaushusha mguu pembeni, polepole, hata vumbi halikuruka. Kisha akapiga masikio, pa! pa!

"Kunyweni! Na wadogo waanze. Mmoja anywe, atoke, aingie mwingine, mpaka waishe. Hilo halihitaji kuulizana."

Jibu likarudi kwa Kifaru, likaenda kwa Nyati, likamfikia Punda Milia, naye akaanguka kwa magoti akilia kwa furaha.

Nami nimefika ukutani, wanangu, sina wa kumtuma tena: penye njia panda tumaneni, penye njia moja tembeeni tu, na popote mwendapo jueni kwanza pa kusimama.