Udi wa Kinu cha Bi Kazija

Sogeeni, na anayetafuna karanga atafune kwa adabu, kwa maana hekaya hii ina sauti ndani yake na mimi sitaki kushindana na mataya ya mtu. Katika mji wa Sarabika alitawala Sultani Jaufari bin Nasibu, mwenye enzi na haiba na hazina isiyokauka, na katika starehe zote za dunia hakuna aliyoipenda kama mlio wa udi, na aliyekuwa akimchongea udi zake ni Fundi Mshamu bin Kheri. Fundi huyo alikuwa na mke, Bi Kazija, mwenye ulimi mkali na mkono mtamu wa mapishi, na binti mmoja, Zumrati, aliyejua kushika patasi kabla hajajua kusuka nywele.

Siku moja Sultani alitamani udi mpya wa kuzishinda zote za nyuma, na Fundi Mshamu, kwa kiburi cha ufundi wake, akapanda mlimani pamoja na binti yake akaukata mvule mkongwe ambao watu wote waliuambaa. Kumbe ule mti ni nyumba ya jini aitwaye Barkushi, na shoka lilipokuwa likipiga, mwenye nyumba alikuwa amelala ndani. Haya, wewe ungeamshwa hivyo ungefanyaje? Jini akatoka, kichwa chake kikagusa mawingu, akanguruma:

"Ewe mwanadamu, umenibomolea nyumba bila hata kupiga hodi! Basi utakuwa mti wewe, nami nitahamia ndani yako."

Papo hapo miguu ya Fundi Mshamu ikazama ardhini, vidole vikawa mizizi, na gome likaanza kumpanda magotini. Zumrati akautupa msumeno, akapiga magoti, machozi yanamtoka lakini sauti haikumtetemeka.

"Ewe mwenye nguvu, baba yangu amekosa kwa kutojua. Nitajie fidia, nami nitaileta."

Jini akacheka, maana majini nao wana maringo yao. "Hakuna mti duniani ambao sijapata kulala ndani yake. Sauti ya kila mmoja naijua kama wewe unavyokijua kikohozi cha baba yako. Niletee udi ambao sitautambua mti wake, na naapa kwa muhuri wa Nabii Suleimani, nitamwachia. Lakini kila nitakapoutambua, gome litapanda. Likifika moyoni, yamekwisha."

Zumrati akashuka mbio hadi kwa Sultani. Sultani aliposikia habari ile alijishika kichwa, kwa kuwa udi ulikuwa wake yeye, akasema, "Ewe binti Mshamu, tamaa yangu ndiyo iliyompeleka baba yako mlimani. Ghala zangu zote ni zako. Chukua abunusi, chukua saji, chukua na msandali ulioletwa na wageni kutoka nchi za mbali."

Zumrati akauchagua msandali, akiwaza kwamba mti wa ugenini jini hataujua. Akachonga, akapiga randa, akasugua kwa majani ya msasa, akafunga nyuzi za utumbo wa kondoo, na udi ukatoka mzuri wa kuangaliwa tu. Akaupeleka mlimani na kuupiga. Barkushi hakungoja hata wimbo ukolee.

"Msandali," akasema. "Tena wa mteremko unaotazama maji, na mwaka mmoja ulikosa mvua. Nilikwenda kuposa huko, nikanyimwa."

Gome likapanda hadi kiunoni. Fundi Mshamu akauma meno, kisha akamwambia binti yake, "Usilie, mwanangu. Shingo ya udi umeiweka vizuri kuliko mimi." Loo! Mtu anageuka gogo na bado anakagua kazi!

Zumrati akakaza moyo. Akachimba mzizi wa mkwaju uliopigwa na radi, mti ambao hakuna fundi angeugusa, na akauchonga huku unamvunjia patasi na kumchana viganja. Jini akausikiliza akipiga miayo. "Mkwaju. Radi iliupiga mimi nikiwa nimetoka kidogo." Gome likafika kifuani, na sauti ya Fundi Mshamu ikaanza kukwaruza kama mlango mbovu.

Zumrati alirudi nyumbani akakaa chini sebuleni, amechoka, hana hata pa kuanzia. Jikoni mama yake alikuwa akitwanga, maana hata penye msiba watu hula, na kila mchi uliposhuka mtwango ulipita sakafuni ukampanda Zumrati magotini. Akainua kichwa. Kinu kile kilikuwa cha mfenesi, na mfenesi yeye aliujua: sauti yake kavu, haina mwangwi. Lakini hiki kilikuwa kinaitikia kwa sauti nzito yenye joto, na hakuna mfenesi unaosema hivyo. Ndipo alipofahamu kosa lake, kosa la mafundi wote, la kuutafuta mti kwa jina na mahali ulipoota.

Akaingia jikoni. "Mama, nipe kinu."

"Ukifanyie nini?"

"Nikipasue, nichonge udi."

Mchi ukabaki juu. Ili mnielewe, yapasa niwaambie mila ya Sarabika. Mwanamke wa huko huingia kwa mumewe na kinu alichopewa na mama yake, na kinu hicho hakipasuliwi ila siku mume anapozikwa, ili mji mzima ujue kwamba nyumba ile imevunjika.

"Hiki alitwangia bibi yako na mama yake kabla yake," alisema Bi Kazija. "Nikikipasua, nimesema Mshamu amekufa. Unataka nikae eda ya mtu ambaye bado ananisalimia?"

"Mama, gome liko kifuani. Likifika moyoni utakipasua tu, na tutalia wote wawili. Afadhali tukipasue leo tukiwa bado na mtu wa kumpigania."

"Na jini akikitambua?"

"Basi nitakuwa nimekuvunjia nyumba kwa mkono wangu, nami nitaishi na hilo. Lakini kukaa hapa na kutazama, siwezi!"

Bi Kazija alimaliza kutwanga pilipili yake, akakiosha kinu, akakilaza uani, akakipapasa kama mtu anayemuaga mgonjwa, kisha akaliokota shoka. "Rudi nyuma. Hakuna atakayenifanya mjane ila mimi mwenyewe." Akapiga, na kinu kikalia mlio uliosikika mpaka sokoni. Majirani wakaja mbio wakiangua kilio, na Sultani naye, maskini, akaleta sanda; Bi Kazija akawatimua wote kwa mwiko.

Zumrati akaanza kazi. Nusu moja ya kinu, iliyokwisha kuchimbwa na michi ya miaka mingi, ikawa tumbo la udi. Nusu ya pili akaipiga randa mpaka ikawa nyembamba, ikawa uso. Mchi uliolainishwa na viganja vya wanawake watatu ukawa shingo, na mwiko ule ule wa kutimulia watu ukatoa vigingi vya kukazia nyuzi. Uso ulipata ufa akauziba kwa gundi. Ukapata wa pili, akauziba tena, akiapa kwamba ukipata wa tatu ataushika kwa meno. Harufu ya iliki na pilipili haikutoka, na wapita njia wakacheka, "Udi huo unapigwa au unapikwa?" Yeye hakuinua macho.

Jua la utosi likamkuta mlimani, na Sultani na mji mzima nyuma yake. Gome lilikuwa bado kifuani mwa Fundi Mshamu, limebakiza upana wa kidole kufika moyoni. Zumrati akapiga, wala hakupiga nyimbo za kasri. Alipiga mapigo ya kutwanga, yale aliyolala nayo mgongoni mwa mama yake.

Barkushi akafungua kinywa ataje jina, akakifunga. Akainama. "Mkungu," akasema, na gome lisitikisike. "Mtondoo... Hapana. Humu kuna mtoto analia. Kuna wanawake wanagombana, sasa wanapatana. Kuna mwanamume anachekeshwa jikoni. Mti gani huu wenye watu ndani?"

"Ni mfenesi wa bondeni," alisema Zumrati.

"Uongo! Huo nililala ndani yake miaka na miaka!"

"Ulilala peke yako, bwana wangu. Baadaye wakaja mama na bibi zangu, wakaupiga kila siku mpaka wakahamia wao."

Jini akalia, na machozi yake yakaloanisha mlima, kwa kuwa katika nyumba zake zote hakuwahi kuwa na mtu wa kugombana naye. Akatimiza kiapo. Gome likadondoka vipande vipande, na Fundi Mshamu akatoka mzima, isipokuwa kidole kidogo kimoja kilichobaki mti mpaka kufa kwake. Akamwomba jini radhi, na Sultani akaamuru shoka lisipande mlima ule milele.

Fundi Mshamu akamkimbilia mkewe mikono wazi. Bi Kazija akarudi nyuma.

"Wee, nani huyu? Mimi mjane. Kinu changu kimepasuliwa na mji mzima umelia."

Watu wakaangua kicheko, lakini mila ni mila, na Fundi Mshamu, mvi zote zile, ikambidi apeleke posa kwa mama wa mtoto wake. Mahari aliyotajiwa ilikuwa kinu. Jini akamruhusu kuchukua gogo la ule mvule ulioanguka, naye akakichonga kwa mkono wake. Sultani akaifanya harusi yao kwa fahari, akawajaza dhahabu na hariri, akamfanya Zumrati mkuu wa mafundi wa kasri, na udi wa kinu ukapigwa mpaka alfajiri. Basi anayetaka kujua thamani ya mti asiulize ulikatwa wapi. Aulize umeishi na nani.

Asubuhi ya fungate Bi Kazija alitwanga mara ya kwanza katika kinu kipya. Zumrati akasikiliza, akakunja uso. "Mama, hakina kitu. Mvule mtupu."

"Najua," alisema mama yake, huku machozi yakimdondoka kinuni, na sebuleni mumewe akikohoa. "Ndiyo kwanza tumeingia."

Hapo ndipo niliposikia na hapo ndipo ninaponyamaza. Sasa tafuneni karanga zenu.